Likoni Itavushwa na Nani Magari Yakishaondoka?

Tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike mwaka 2024 na magari yaanze kutoka Miritini hadi Kibundani bila kugusa kisiwa cha Mombasa, kuna maneno yanayosemwa mjini kwa uhakika mkubwa: feri ya Likoni, inayovusha watu na magari kati ya kisiwa hicho na bara la kusini, siku zake zimehesabika. Msemaji humalizia kwa kutaja daraja kubwa linalopangwa kujengwa kwa mkopo wa Japani juu ya mlango wa bahari wa Kilindini, na hapo mjadala hufungwa. Mwenye gari ana njia, mtalii wa Diani ana njia, lori la Lungalunga lina njia. Kilichobaki, wanavyoona, ni kusubiri feri zizeeke zipumzishwe. Mimi naona hesabu hii imekosewa tangu mstari wa kwanza. Likoni ni kivuko cha watu waendao kwa miguu, ilhali karibu kila kinachojengwa kwa jina la kuipunguzia mzigo ni cha magurudumu. Tena kuna jambo ambalo silisikii likisemwa kabisa: gari likihama kwenye feri, huhama na fedha zilizokuwa zikisaidia kumvusha yule asiye na gari.

Tuanze na idadi, maana ndiyo inayosahauliwa upesi. Kwa miaka mingi hesabu inayotajwa ya kivuko hiki ni watu zaidi ya 300,000 na magari yapatayo 6,000 kwa siku. Chukua kwamba kila gari lina watu watano ndani, na huo ni ukarimu kwa upande wa magari. Unapata watu 30,000. Yaani kwa kila mtu mmoja anayevuka ameketi garini, kumi wanavuka kwa miguu yao. Hawa kumi ni akina nani? Ni kibarua wa bandarini anayeishi Likoni kwa sababu kodi ya chumba kisiwani imemshinda. Ni mwanafunzi aliyeshika viatu mkononi siku ya mvua. Ni mama mwenye genge anayevuka alfajiri kwenda soko la Kongowea kununua nyanya, akarudi na hamali nyuma yake. Ni mpishi wa hoteli ya Diani anayekaa Majengo na kuvuka kuelekea kusini wakati wengine wanakuja kaskazini. Matatu za Ukunda, Kwale na Msambweni humaliza safari Likoni, na za mjini huishia upande wa kisiwani. Katikati pana maji ya takriban mita 500. Mtu huyavuka akiwa amesimama juu ya chombo, akashuka, akaendelea kutembea. Kwa wengi wao hii si safari ya baharini hata kidogo. Wanavuka barabara ya mtaani kwao, ila barabara yenyewe ni maji.

Huduma hii ilianza mwaka 1937, na katika miaka yote hiyo vyombo vimebadilika kuliko fikra. MV Nyayo, MV Harambee na MV Kilindini zilianza kazi mwaka 1990. MV Likoni na MV Kwale zikaja 2010, MV Jambo ikaundwa Uturuki na kuletwa 2017, MV Safari ikafuata 2020. Zote hizi zina umbo moja: sitaha bapa, milango miwili ya kuteremshwa, mmoja mbele na mmoja nyuma, ili gari liingie upande huu litokee upande ule. Fundi aliyezichora alikuwa akifikiria gari. Mtu amewekewa nafasi za pembeni na ngazi za kupandia juu, na nafasi nyingine anaitafuta mwenyewe kati ya kioo cha gari hili na bamba la lile. Sisemi kwamba zilinunuliwa kwa nia mbaya. Nasema chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mmoja kimepewa kazi ya kuwabeba kumi, na tumezoea kiasi kwamba hatushangai tena.

Mazoea hayo yametugharimu. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, kivuko jirani cha Likoni, ilipinduka ikiwa imebakisha kiasi cha mita 40 tu kutoka ufukweni. Chombo kilichokusudiwa watu 300 kilikuwa na watu wapatao 400, wengi wakienda kazini kisiwani, na 272 wakafa. Ilikuwa siku ya Ijumaa. Miaka 25 baadaye, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi kinyumenyume kutoka kwenye MV Harambee katikati ya mkondo wa Likoni na kutumbukia likiwa na mama na bintiye mdogo. Ilichukua siku 13 kulitoa majini, na nchi nzima ilizifuatilia siku hizo kwa uchungu. Misiba hii miwili hutajwa pamoja kila tunapozungumzia usalama wa feri, lakini mafunzo yake ni tofauti. Ule wa 2019 ulitokana na gari kuwa juu ya chombo ambacho mlango wake haukulizuia. Wa 1994 ulitokana na wingi wa watu ambao hawakuwa na njia nyingine. Dongo Kundu inaweza kupunguza hatari ya kwanza, kwa kuwa magari machache yatapanda feri. Hatari ya pili haiguswi hata kidogo na barabara inayoanzia Miritini.

Kuna mradi mmoja uliojengwa kwa ajili ya miguu, nao unafundisha mengi kuliko inavyodhaniwa. Mwishoni mwa mwaka 2020, msongamano wa Likoni ulipoonekana kuwa hatari wakati wa korona, daraja la kuelea la Liwatoni lilizinduliwa. Lilijengwa kwa urefu wa mita 824, liligharimu takriban shilingi bilioni 1.9, na liliwekwa sehemu ya katikati inayofunguka ili meli zipite. Hapo ndipo fundo lilipo. Meli zote kubwa zinazokwenda Kilindini hupita mle mle, kwa hiyo daraja halikuweza kuachwa wazi kwa watu mchana kutwa; lilipangiwa saa za asubuhi na jioni. Tena liliwekwa kutoka Liwatoni kwenda Ras Bofu, wakati steji za matatu, vibanda, msikiti aliozoea mtu kuswali na duka analokopa viko kwenye kivuko cha zamani. Waliolidharau husema lilikuwa kosa. Kwangu ni jaribio la kweli, na jibu lake ni hili: daraja lililo chini, usawa wa maji, linagombana na bandari, na daraja lililo juu ya milingoti ya meli linagombana na miguu ya watu.

Hapa niikabili hoja yenye nguvu zaidi ya wale wanaosubiri daraja. Wanasema: tazama Kilifi. Watu walipanga foleni ya feri pale miaka nenda rudi, daraja likafunguliwa mwaka 1991, na feri ikaisha siku hiyo hiyo. Tazama Nyali, ambako daraja la kuelea la mwaka 1931 lilifuatwa na la zege mwaka 1980, na leo hakuna anayeota kurudi nyuma. Kwa nini Likoni iwe tofauti? Hoja hii ni ya haki na inastahili jibu la kipimo, si la hisia. Kwenye hori ya Kilifi hakuna meli za makontena zinazopita. Nyali hali kadhalika. Daraja la pale linahitaji kuinuka kidogo tu juu ya maji, na barabara inayolifikia haina haja ya kupanda mlima. Likoni ni mlango wa bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Daraja litakalopita juu ya meli hizo linapaswa kuwa na nafasi ya zaidi ya mita 60 kutoka majini. Sasa piga hesabu: ukiipandisha barabara mita 4 kwa kila mita 100, ambao tayari ni mwinuko wa kumtoa jasho mwenye baiskeli, unahitaji mita 1,500 za kupanda upande huu na mita 1,500 za kushuka upande ule. Ongeza mita 500 za mkondo. Kilichokuwa kivuko cha dakika chache kinakuwa matembezi ya kilomita tatu na nusu, juu angani, kwenye jua la Februari au upepo wa kusi, na mkokoteni wa mitungi ya maji mkononi. Gari halihisi mwinuko huo. Mwenye mkokoteni anauhisi mgongoni.

Mtu makini atanijibu kwamba hakuna atakayetembea; watapanda matatu zitakazopita darajani. Nakubali kwamba hilo litatokea kwa baadhi, na litawasaidia. Anayetoka Ukunda kwenda hospitali Changamwe atafurahi kutoshuka kabisa. Lakini tunao mfano wa jirani. Dar es Salaam walifungua Daraja la Nyerere la Kigamboni mwezi Aprili 2016, mita 680, kazi nzuri ya kujivunia. Feri ya Magogoni haikufa. Hadi leo watu wanajaa pale asubuhi na jioni, kwa sababu feri inawashusha Kivukoni, katikati ya shughuli zao, na daraja linawapeleka Kurasini. Istanbul ina madaraja juu ya Bosphorus tangu mwaka 1973, na vyombo vya abiria bado vinavuka kila siku. Mji unaokaa pande mbili za maji huendelea kuvuka pale watu wanapohitaji kwenda, hata kama daraja zuri limejengwa mahali ambapo mhandisi amepata mwamba imara. Kisha kuna nauli. Leo mwenye miguu anavuka Likoni bure. Akihamia matatu ya darajani atalipa kwenda na kurudi, siku sita kwa wiki, kutoka kwenye mshahara wa kibarua. Kwa familia yenye watu watatu wanaovuka, hilo linaweza kuwa tofauti ya kula mara mbili na mara moja.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema tatizo la Likoni ni nidhamu ya watu: wanakimbia, wanasukumana, hawasikii. Nimeisikia kwa watu wasomi kabisa, na kila mara nahisi msemaji hajasimama pale saa kumi na mbili jioni. Jioni moja nilikuwa upande wa kisiwani, chini ya lile banda refu la kusubiria, meli ya makontena ikawa inatoka bandarini. Feri mbili zilisimama kuisubiri, maana meli haina breki kama ya basi na haipishi mtu. Ilipita taratibu, ndefu kama mtaa. Huku bandani watu walizidi kuingia kwa nyuma. Hakuna aliyepiga kelele. Kulikuwa na mama mbele yangu aliyemfunga mtoto mgongoni, na kila alipobanwa alisogeza kiwiko chake nyuma ili kuweka upenyo mdogo kwa miguu ya mtoto. Alifanya hivyo bila kugeuka, kama anayefukuza nzi. Askari akapuliza filimbi, lango likafunguliwa, na umati mzima ukateremka ule mteremko kwa kasi moja. Ndiyo, tulikimbia. Tulikimbia kwa sababu kila mmoja alijua lango litafungwa kabla wote hatujaingia, na kwamba atakayebaki hajui atangoja kwa muda gani. Mpe mtu uhakika kwamba chombo kingine kinakuja baada ya dakika tano, atatembea. Watu hao hao hupanga foleni ya benki kimya kwa saa nzima, kwa sababu wanajua zamu yao haipotei.

Sasa nirudi kwenye fedha, maana naona ndipo hatari ya miaka ijayo ilipo. Mwenda kwa miguu halipi Likoni, gari linalipa. Ushuru huo wa magari haujawahi kutosha kuendesha huduma, na serikali imekuwa ikijazia, lakini umekuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni ya hesabu: dizeli, vipuri, kuipandisha feri chelezoni kwa ukarabati. Ya pili ni ya siasa, nayo ni kubwa zaidi. Mradi mwenye gari, mwenye lori, mwenye hoteli na mbunge mwenye msafara wanasubiri kwenye foleni ile ile, feri ikiharibika simu zinapigwa. Waziri anaulizwa. Wageni wakikosa ndege kwa sababu ya foleni, sekta nzima ya utalii inapaza sauti. Dongo Kundu imeanza kuwaondoa watu hawa kwenye foleni, na daraja la Kilindini litamalizia. Watakaobaki ni wale wasiolipa na wasio na namba ya simu ya mtu yeyote. Gharama haitapungua kwa kadiri magari yatakavyopungua, kwa kuwa chombo kinachoma mafuta yale yale kikiwa na magari 40 au 4, na mabaharia ni wale wale. Mapato yatashuka, mzigo utabaki, na sauti iliyokuwa ikiusemea mzigo huo itakuwa inapita kwa kasi juu ya daraja la Mteza, kwenye barabara ya Dongo Kundu.

Kutakuwa na atakayependekeza, na kwa nia njema, kwamba basi wenda kwa miguu waanze kulipa kidogo. Shilingi kumi tu, atasema. Upande wake una hoja: kitu cha bure hakina mwenyewe, na mtu anayelipa hupata haki ya kudai. Lakini hakuna anayelipishwa kuvuka daraja la Nyali kwa miguu, wala Makupa, wala barabara yoyote ya mtaani. Kumlipisha mkazi wa Likoni ni kumtoza kwa kosa la kuzaliwa upande wenye maji ya kina kirefu. Kuna sababu nyingine ya kiutendaji pia. Kivuko hiki kinaokolewa na kasi ya watu kuingia. Weka mashine ya tikiti mbele ya watu elfu moja wanaosubiri chombo kimoja, na banda litakalojaa nyuma yake litakuwa la hatari kuliko feri yenyewe.

Kinachofuata kutoka katika hoja hizi ni kwamba bajeti ya Likoni inapaswa kutenganishwa na ushuru wa magari tangu sasa, kabla magari hayajaondoka yote. Iwekwe kama tunavyoweka fedha za kutunza barabara: kwa idadi ya wanaotumia. Kabla ya hapo ni lazima wahesabiwe kwa dhati, kwa saa na kwa upande, na hesabu hiyo itolewe wazi kila mwezi, kwa sababu takwimu ile ya 300,000 imerudiwa miaka mingi mno bila kubadilika huku mji ukikua. Pili, chombo kijacho kitakachonunuliwa kiwe cha watu peke yao. Feri ya magari hupoteza muda mwingi gatini kuliko majini, kwani watu na magari hawapakiwi kwa pamoja; mmoja hungoja mwenzake. Chombo kidogo chenye milango mipana ya pembeni, kinachobeba mamia kadhaa na kuondoka bila kungoja lori lipangwe, kinaweza kwenda na kurudi mara nyingi zaidi. Dar es Salaam wameshaanza njia hiyo Magogoni, kwa kuruhusu boti za abiria za kampuni binafsi zisaidiane na pantoni za serikali. Sina hakika kwamba mpango wa kampuni binafsi unatufaa sisi, kwa kuwa wa kwao abiria analipa nauli. Ila wazo la kumtenga mtu na gari ni sahihi.

Tatu, na hili halihitaji mkopo wa Japani wala mhandisi wa kigeni, Mtongwe iamshwe iendelee kuwa macho. Huduma ya pale imekuwa ikisimama na kurejea tangu msiba wa 1994, inazinduliwa kwa ngoma na kisha inanyamaza. Kila inaponyamaza, mkazi wa Mtongwe anayefanya kazi bandarini huamka saa kumi alfajiri, hulipa matatu impeleke Likoni, husimama bandani na maelfu ya wenzake, huvuka, hulipa matatu ya pili kurudi upande wa bandari. Anafanya hivyo ili afike kwenye winchi na taa za gati ambazo, akisimama mlangoni kwake na kikombe cha chai, anaziona ng'ambo ya maji.